Je, Wajua? Mdoli Unaofundisha Tiba

Je, wajua kwamba mdoli maarufu wa kujifunzia kufufua mtu ulibuniwa na mtengeneza vitu vya kuchezea watoto? Asmund Laerdal wa Norway alikuwa akiuza midoli ya plastiki. Mwaka 1960 akatoa Resusci Anne. Sura yake ni ya binti asiyejulikana, anayesimuliwa kuwa aliopolewa kwenye mto Seine, Paris. Aliyekulia delta ya Rufiji anajua mito inavyochukua watu.

Je, wajua kwamba kati ya vichanga kumi, mmoja hivi huhitaji msaada ili aanze kupumua? Mkunga ana dakika moja tu. Kwenye zahanati ya deltani, maji yakipwa na boti imekwama topeni, hana wa kumwita. Ndiyo maana kuna NeoNatalie, mdoli unaojazwa maji ya uvuguvugu hadi ulegee kama kichanga hasa. Mkufunzi akiminya kipira, kitovu kinadunda. Akiacha, kimya, na jasho linakutoka.

Hapa nikae kidogo. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliwafunza wahudumu wake kwa siku moja. Mbele ya mdoli wakafanya vizuri sana. Chumba cha kujifungulia? Mambo yakabaki karibu yaleyale, kama mwanafunzi aliyekesha na daftari usiku wa kuamkia mtihani. Basi mdoli ukahamia wodini, mazoezi yakawa ya dakika tatu hadi tano, mara kwa mara. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Unapenda maigizo kuliko kemia? MamaNatalie, mwenzake NeoNatalie, huvaliwa tumboni na mkufunzi, ambaye huigiza mzazi anayevuja damu. Damu ni ya bandia. Kelele ni zake mwenyewe.

Je, wajua kwamba wilaya ya Rufiji, Kibiti ilipokuwa bado ndani yake, ilijulikana na watafiti wa afya duniani? Tangu 1998 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Kazi kama hiyo inahitaji mtu wa hisabati, siyo koti jeupe. Na mwaka 2011 wakaanza kazi WAJA, wahudumu wa afya wa vijijini waliofunzwa miezi tisa. Sifa ya kuingilia ilikuwa kidato cha nne. Sijui kwa nini walimu wengi wakisema "sayansi" wanamaanisha udaktari tu.

Mashine ya oksijeni ikizima, daktari humwita nani? Fundi wa vifaa tiba. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inawafundisha, na fizikia unayoikimbia ndiyo mlango.

Shule haina mdoli? Chukua mto, uweke sakafuni, piga magoti, nyoosha viwiko, kandamiza katikati mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kinatakiwa kushuka sentimita 5 hadi 6. Dakika ya pili mikono itakuwa inatetemeka, kwa hiyo mwambie mwenzako akae tayari kukupokea. Mto wa kulalia, lakini; ule mwingine una mamba.