Nkome Ijifunze kwa Shinyanga

Twapenda leo kusema na wakulima, wavuvi na wachimbaji wa Nkome, wilayani Geita, juu ya jambo ambalo kila mmoja wao huliona kwa macho yake, lakini ni wachache wanaolitamka. Jambo lenyewe ni miti. Mchimba dhahabu ataka matimba ya kuzuia shimo lisimfukie. Mkaanga samaki ataka kuni. Mjini wataka mkaa. Naye mkulima wa mihogo na pamba afyeka pori apate shamba jipya, kwa kuwa la zamani limechoka. Kila mmoja ana haja ya haki, wala hatumlaumu hata mmoja. Lakini haja zote hizo zinaliangukia pori lile lile moja.

Hatusemi haya ili kutisha watu. Twasema kwa sababu jirani zetu wa Shinyanga walikwisha kuipita njia hiyo, wakauona mwisho wake, na wakarudi. Maarifa waliyorudi nayo ni mali, na mali ya namna hiyo haipungui kwa kugawanywa.

Zamani za ukoloni, Waingereza walihimiza misitu ya Usukumani ifyekwe ili mbung'o watoweke na ng'ombe wapone nagana. Kisha pamba ikadai mashamba, na mifugo ikaongezeka. Watu walipohamia katika vijiji miaka ya 1974 na 1975, wengi waliyaacha nyuma malisho waliyokuwa wakiyatunza, na desturi za kuyalinda zikalegea. Ilipofika miaka ya 1980, akina mama walikuwa wakitembea saa nyingi kutafuta kuni, na samadi ambayo ingalirutubisha shamba ikawa inachomwa jikoni. Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa Norway, ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu walikuja na miche, na miche ilikuwa na kazi yake. Lakini jambo la busara kuliko yote ni kwamba waliyapa heshima maarifa waliyoyakuta kwa wenyeji, na maarifa hayo yaliitwa ngitili.

Ngitili ni sehemu ya ardhi ifungwayo mvua zianzapo, isiingie ng'ombe wala shoka, mpaka kiangazi. Majani hukua, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa huchipua tena, kwa maana mizizi ilikuwa hai chini ya udongo. Malisho mengine yakiisha, ngitili hufunguliwa, na mifugo hulishwa kwa zamu, sehemu baada ya sehemu. Hakuna mashine inayohitajiwa. Kinachohitajiwa ni mapatano, na mwenye kuyasimamia. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, uliweka sheria, sungusungu wakalinda, mvunja sheria akatozwa faini.

Matokeo yake kila mtu ayapime mwenyewe. Mwaka 1986 zilikuwako hekta zipatazo 600 tu za ngitili zilizojulikana. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikawa karibu, majani ya kuezekea yakapatikana, dawa za miti, asali na matunda ya porini yakarudi. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliutunuku mpango huo.

Wala tusifiche kasoro. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alipata faida kuliko yule asiye na kitu, na maskini wengine walibaki kununua walichoona kikiota mbele ya macho yao. Kwa hiyo kijiji kitakachoiga jambo hili kitenge kwanza ngitili ya wote, ya kijiji au ya shule, kabla ya kila mtu kujifungia yake.

Somo kubwa tunaloliona ni hili: maarifa ya mzee na maarifa ya mtaalamu, kila moja peke yake, yalikuwa hayatoshi. Mzee aliijua ngitili, lakini alikwisha kuvunjwa moyo. Mtaalamu alikuwa na elimu, lakini hakuijua historia ya kila bonde. Walipoketi pamoja, pori likarudi. Maarifa yakaayo kifuani mwa mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Na yakaayo katika kabati la ofisi hayana tofauti na hayo.

Basi Nkome ifanye nini? Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Ukanda wa ziwa hupata zaidi. Ikiwa visiki vilichipua kule kukavu, vitashindwaje huku? Wazee na watu wachache, wanawake wakiwamo, watumwe Shinyanga wakaione ngitili kwa macho yao, kisha waje waseme mbele ya mkutano wa kijiji. Wachimbaji wapande miti ya matimba, maana wao ndio wenye kuihitaji kwanza. Bwana shamba naye asingoje kuulizwa. Apelekee wakulima mbegu za mihogo zinazostahimili maradhi, ambazo kituo cha utafiti cha Ukiriguru kimezishughulikia, na asikilize wanavyomwambia juu ya udongo wao.

Dhahabu ikisha kuchimbwa haioti tena. Mti huota, maadamu mizizi ingali hai. Yatupasa kuanza kabla mizizi nayo haijafa.