Iowa: timu inashinda, mashabiki wanataka kocha afukuzwe

Mgeni kutoka Bukavu au Bujumbura anayehamia Iowa City hachelewi kugundua kwamba Jumamosi za majira ya vuli mji huo una shughuli moja tu. Watu waliovaa nyeusi na dhahabu humiminika kuelekea Kinnick, uwanja wa chuo kikuu unaochukua watazamaji wapatao 69,000, idadi inayokaribia wakazi wote wa mji wenyewe. Jimbo la Iowa halina hata timu moja katika ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, kwa hiyo mapenzi yote yameangukia vijana wa vyuo. Wakongo ni wengi Iowa City na vitongoji vyake, na Kiswahili kinasemwa madukani na makanisani. Watoto wao wanakua na jina la Hawkeyes, timu ya chuo hicho, mdomoni.

Ndiyo maana kilichotokea tarehe 30 Oktoba 2023 kiliwachanganya wengi. Timu ilikuwa imeshinda mechi 6 kati ya 8 na ilikuwa mbioni kuchukua ubingwa wa kanda yake katika ligi ya Big Ten. Siku hiyo chuo kikatangaza kwamba kocha wa mashambulizi, Brian Ferentz, hataendelea na kazi msimu ukiisha. Na mashabiki wengi wakashusha pumzi.

Katika mchezo huu kocha mkuu hafanyi kila kitu. Chini yake kuna kocha wa ulinzi na kocha wa mashambulizi, kila mmoja na kikosi chake cha wachezaji 11, kwa maana wanaoshambulia si wale wanaolinda. Kocha wa mashambulizi ndiye anayechagua, mpira mmoja baada ya mwingine, kama timu itakimbia nao au itaurusha. Simba au Yanga ikikosa mabao, lawama humwendea kocha mkuu. Huku yupo mtu mwenye mshahara wake ambaye kazi yake ni kuhakikisha pointi zinapatikana, na jina lake kila shabiki analijua.

Tatizo la Iowa lilikuwa jina lenyewe. Kocha mkuu anaitwa Kirk Ferentz, yuko kwenye kiti hicho tangu 1999, na Brian ni mwanawe wa kumzaa. Kanuni za chuo haziruhusu mtu kumsimamia ndugu yake, hivyo kwenye makaratasi Brian aliwajibika kwa mkurugenzi wa michezo, Gary Barta. Uwanjani baba ndiye aliyekuwa bosi, na kila mtu aliliona hilo. Waafrika Mashariki wana jina la mambo ya aina hii, undugunaizesheni, na hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Haki yake apewe. Brian aliichezea Iowa, akafanya kazi na timu ya kulipwa ya New England Patriots, kisha akarudi 2012 kufundisha wachezaji wa mstari wa mbele. Alipokabidhiwa mashambulizi mwaka 2017, msimu wake wa kwanza ulikuwa na ile Jumamosi ya Novemba ambayo Iowa iliicharaza Ohio State 55 kwa 24. Wachezaji kama T.J. Hockenson, Noah Fant na Tristan Wirfs walipita mikononi mwake wakaenda kuwa mamilionea.

Kisha mambo yakaharibika. Mechi ya kwanza ya 2022 Iowa iliifunga South Dakota State, timu ya daraja la chini yake, pointi 7 kwa 3. Pointi 7 hizo hazikutokana na mchezaji kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, yaani mguso, kama mtu angedhani. Zilikuwa teke moja la pointi 3, na mara mbili ambapo walinzi wa Iowa waliwabana wapinzani nyuma kabisa ya eneo lao, pointi 2 kila mara. Kwa maneno mengine, walinzi walifunga zaidi ya washambuliaji. Msimu ulipoisha, Iowa ilikuwa ya 130 kati ya timu 131 za daraja la juu kwa yadi zilizopatikana, yaani umbali ambao timu iliusogeza mpira mbele. Mchezaji kipenzi cha umati alikuwa Tory Taylor, Mwaustralia ambaye kazi yake ni kuupiga mpira mbali kwa mguu pale mashambulizi yanapokwama. Alikuwa na kazi nyingi.

Hapo Barta akafanya jambo lililogeuza uchungu kuwa kichekesho. Februari 2023 mkataba wa Brian ulibadilishwa: mshahara ukashuka kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na ili abaki, timu ilipaswa kushinda angalau mechi 7 na kuwa na wastani wa pointi 25 kwa mechi. Tena pointi za walinzi nazo zilihesabiwa! Kwa mechi 13 hiyo ni 325, na mashabiki wakaanza kuihesabu wiki baada ya wiki kama watu wanaofuatilia deni. Kwotabeki mpya, yaani mrushaji wa mpira, Cade McNamara, akaumia goti mwishoni mwa Septemba. Halafu tarehe 21 Oktoba Iowa ikafungwa nyumbani na Minnesota, 12 kwa 10, huku washambuliaji wakipata yadi 127 tu mechi nzima. Ndiyo, mguso wa Cooper DeJean wa Iowa uliokuwa umewapa uongozi mwishoni ulifutwa na waamuzi, na hasira nyingi ziliwaangukia wao. Lakini timu isiyoweza kusogea haina pa kulalamikia.

Barta alikuwa ameshastaafu. Aliyekaimu nafasi yake, Beth Goetz, hakusubiri hesabu ifike mwisho; ndipo likaja tangazo lile la tarehe 30 Oktoba. Kirk hakuficha kwamba kwake tathmini kama hizo hufanywa msimu ukishakwisha.

Brian aliendelea kufundisha hadi mechi ya mwisho. Iowa ilichukua ubingwa wa kanda, ikafungwa na Michigan 26 kwa 0 katika fainali ya ligi, kisha na Tennessee 35 kwa 0 siku ya mwaka mpya. Wastani wa msimu ulikuwa pointi 15.4, mbali mno na zile 25.

Nafasi yake alipewa Tim Lester. Mwaka 2024 mkimbiaji Kaleb Johnson, aliyekuwa kikosini hata enzi za Brian, alipata yadi 1,537, na wastani wa timu ukapanda hadi pointi 27.7. Mechi zilizoshindwa na Hawkeyes mwaka huo zilikuwa 8. Ule msimu wa mwisho wa Brian zilikuwa 10.