Huwezi Kumiliki Ardhi Thailand, Lakini Mtoi Wako Anaweza. Soma Hii Kabla Utoe Doo

Hebu tuseme ulienda Thailand kutafuta maisha, ukapatana na mrembo wa Chiang Mai, mkaoana na mkapata mtoi. Umesota, ukajipanga, na sasa uko na chapaa ya kununua ploti ujenge keja. Unaingia ofisi ya ardhi na tabasamu. Afisa anaangalia pasipoti yako, anaangalia uso wako, halafu anakuambia kwa heshima zote: wewe, hapana.

Usimkasirikie. Sheria ya Ardhi ya Thailand ya 1954 inasema mgeni anaweza kupata ardhi tu kama nchi yake ina mkataba na Thailand. Mikataba hiyo ilivunjwa kitambo, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hivyo mgeni ni mgeni, awe ametoka Berlin ama Buruburu.

Kuna njia ya matajiri: ukiwekeza baht milioni 40 na waziri akubali, unaruhusiwa rai moja ya ardhi ya kuishi. Rai ni kipimo chao, mita mraba 1,600. Kama huna hizo doo, unaweza kununua nyumba kwenye jengo la ghorofa, bora wageni wasipite asilimia 49 ya jengo lote. Lakini udongo wenyewe? Sahau.

Sasa mtoi anaingia wapi?

Mtoto akiwa na mzazi mmoja Mthai, yeye ni Mthai kwa kuzaliwa. Haijalishi anaitwa nani ama anafanana na nani. Na Mthai anaweza kumiliki ardhi, hata kama bado ananyonya. Hapo ndipo wasee wengi huona mlango: "Si niandikishe ploti kwa jina la mtoi, halafu mimi ndio nitakuwa bosi?"

Pole pole, mkubwa. Kwanza, ofisi ya ardhi itauliza pesa imetoka wapi, kwa sababu mtoto wa miaka saba hana kazi. Kama unampa zawadi kwa ukweli, hiyo inawezekana. Lakini ikijulikana unajificha nyuma ya jina la Mthai, hilo ni kosa kwa wewe na kwa huyo aliyekushikia. Mnaweza kupigwa faini hadi baht 20,000, kifungo hadi miaka 2, na ardhi iamrishwe iuzwe.

Pili, na hapa ndio noma yenyewe: ukishaandika jina la mtoi, ardhi ni yake. Sheria ya familia ya huko inasema mzazi hawezi kuuza, kubadilisha wala kuweka rehani ardhi ya mtoto bila ruhusa ya korti. Hata kuikodisha kwa zaidi ya miaka 3 lazima korti ikubali. Na mtoto Thailand anakuwa mtu mzima akifika miaka 20, hiyo 18 yetu bado.

Chora picha. Mtoi ana miaka 8, biashara yako imeanguka na hospitali inadai. Unataka kuuza ploti uliyolipia na jasho lako. Jaji hatauliza wewe unateseka kiasi gani. Atauliza mtoto anafaidika vipi. Ukikosa jibu, unarudi nyumbani na hati yako ikiwa na jina la mtu wa darasa la pili. Halafu akifika 20, akiamua kuiuza anunue gari, ni uamuzi wake.

Na kama hamkufunga ndoa ya kusajiliwa, uko pabaya zaidi. Mama ni mzazi moja kwa moja. Baba anatambuliwa na sheria tu akimuoa mama baadaye, akisajili mtoto kuwa wake, ama korti ikiamua. Kabla ya hapo, kwa ardhi ya mtoi wako hauna hata sauti.

Basi niandike jina la bibi? Inafanyika kila siku. Lakini utatia sahihi kwamba pesa iliyonunua ardhi ni yake peke yake. Mkiachana, usitegemee kugawana hiyo ploti. Akifa, mtoi anaweza kurithi sehemu yake na kukaa nayo. Wewe mgeni utapewa muda usiozidi mwaka mmoja uuze sehemu yako.

Kujikinga kuko. Unaweza kusajili haki ya kukaa na kutumia hiyo ardhi hadi ufe, ama kukodi kwa miaka isiyozidi 30, na iandikwe kwenye hati ya ardhi. Rada ni moja: fanya hivyo wakati ardhi iko kwa jina la mtu mzima, ndio baadaye ipewe mtoto. Ukingoja ishaingia kwa jina la mtoi, unarudi kwa yule jaji. Tafuta wakili wako mwenyewe, usitumie wa anayekuuzia.

Na kabla uanze kusema Wathai ni wabaguzi, kumbuka katiba yetu ya 2010. Mgeni Kenya hapati ardhi ya kudumu, anakodishiwa kwa miaka isiyozidi 99. Lakini mtoto wake na Mkenya ni Mkenya, na anamiliki kama wewe.

Kwa hivyo ukitaka kumpa mtoi ardhi, mpe. Nyinyi wazazi mkikosana kesho, ploti itabaki yake, na hakuna kati yenu atakayeibeba. Lakini kama hiyo ndiyo akiba yako ya uzeeni, usiiweke kwa jina lake ukidhani bado ni yako.

Ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?