Kabla ya Kukata Tiketi ya Dubai

Bei za hoteli za Dubai hushuka Julai na Agosti, na wasafiri wengi wa kwetu hushawishika na punguzo hilo. Habari za joto wanazo: nyuzijoto 40 na zaidi mchana. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hujiambia kwamba yeye ni wa pwani, joto amelizoea tangu utotoni. Hesabu yake inaacha kitu kimoja nje, nacho ni unyevu wa hewa ya Ghuba, na huo ndio unaopaswa kuamua uende mwezi gani na utoke nje saa ngapi.

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji kidogo hupenya hadi nje, hugeuka mvuke na kuondoka na joto la mtungi. Jasho hufanya kazi hiyohiyo kwenye ngozi. Hewa ikiwa kavu, jasho hukauka upesi na mwili hupoa hata jua likiwa kali. Hewa ikishajaa mvuke, jasho halina pa kwenda. Hutiririka, huloanisha shati, wala halipozi chochote. Ndiyo maana wanasayansi hawatosheki na kipimajoto cha kawaida. Hutumia kilichovishwa kitambaa kibichi na kupitishiwa upepo, na kiwango kinachosomeka hapo ndicho mwisho wa jasho kukupoza.

Kwa muda mrefu nyuzijoto 35 za kipimo hicho zilihesabiwa kuwa ukingo wa uhai: mtu mwenye afya njema, akiwa kivulini na maji tele pembeni, asingemaliza saa nyingi. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa vijana wenye afya yameonyesha kuwa mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu nyuzijoto 31, hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Na ile 35 imeshaguswa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta vituo vya hali ya hewa vilivyowahi kuifikia kwa muda mfupi, kimojawapo Ras Al Khaimah, jirani ya Dubai upande wa kaskazini.

Chanzo chake ni bahari yenyewe. Ghuba ina kina cha wastani cha mita 35 tu, na mlango wake wa kutokea baharini, Hormuz, ni mwembamba. Jua la kiangazi hulipasha bakuli hilo la maji hadi uso wake kupita nyuzijoto 33, na mvuke hupanda mchana na usiku. Upepo wa baharini huusukuma hadi mjini. Jua likizama hali haitulii kama ilivyo jangwani ndani. Usiku wa Agosti Dubai mara nyingi haushuki chini ya nyuzijoto 30, na hewa huwa nzito kuliko ilivyokuwa adhuhuri.

Novemba hadi Machi ni habari nyingine kabisa. Januari mchana huwa kwenye nyuzijoto 24 hivi, usiku 14 au 15, na unaweza kutembea kutwa nzima. Mwenye hiari ya kuchagua achague miezi hiyo, hata kama atalipa zaidi. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, hachagui msimu, naye anastahili ushauri: apange kwa saa. Mizunguko ya nje aimalize asubuhi, adhuhuri awe ndani, na jioni asidanganywe na kupungua kwa jua.

Saa hizo za adhuhuri zina sheria yake. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9 mchana. Ningependa kila mgeni aijue, kwa sababu majengo anayokwenda kuyapiga picha yamejengwa na watu wa India, Pakistan, Bangladesh na Nepal ambao miili yao inafuata fizikia ileile inayomfanya yeye akimbilie kiyoyozi. Naiona ni sheria njema isiyotosha. Inamkinga mtu na jua. Unyevu wa jioni haiugusi.

Ukitaka kuuona unyevu huo kwa macho, toka ndani ya duka lenye baridi jioni ya Agosti ukiwa umevaa miwani. Hatua mbili tu nje ya mlango, vioo vinageuka vyeupe na huoni mbele. Hewa ya nyuzijoto 35 inaweza kubeba karibu gramu 40 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzijoto 20 haibebi zaidi ya gramu 17 hivi. Hewa ya nje ikigusa kioo kilichopoa inapoa papo hapo, na mvuke uliozidi unageuka matone. Lenzi ya simu hupatwa na hayohayo, kwa hiyo iache dakika chache ipate joto kabla ya kupiga picha. Na beba sweta jepesi hata kiangazi, kwa ajili ya madukani na kwenye Metro, ile treni isiyo na dereva iliyoanza Septemba 2009.

Kabla ya maghorofa, nenda Al Fahidi, mtaa wa zamani kando ya Khor, mkono wa bahari uliogawa mji. Wafanyabiashara kutoka Bastak, kusini mwa Iran, walijenga hapo mwishoni mwa karne ya 19, na juu ya nyumba zao iko minara ya upepo, barjeel. Simama chini ya mmoja na utazame juu. Utaona kuta mbili zilizokatana kama herufi X, zikigawa mnara njia nne. Upepo ukitoka upande wowote, njia inayouelekea huukamata na kuushusha chumbani, na njia iliyo kinyume huvuta hewa ya moto kwenda nje. Upepo wa juu una kasi zaidi na vumbi kidogo kuliko wa chini, ndiyo maana mnara umeinuliwa. Haubadilishi nyuzijoto kwa kiasi kikubwa. Kazi yake ni kupitisha hewa juu ya ngozi iliyotoka jasho, na katika mji ule hiyo ilikuwa nusu ya uhai.

Kisha tazama dari. Katika nyumba za zamani za Ghuba utakuta boriti za mikoko, na mti huo haumei jangwani. Zilikatwa Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, mita tatu na kidogo, ndiyo maana mwenyeji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar akiingia chumba cha Al Fahidi anakuta kipimo anachokijua. Mti unaweza kubeba dari nzito hadi upana fulani, ukizidi unapinda. Nashindwa kuelewa kwa nini waongoza watalii hupita haraka hapa. Ni misitu yetu iliyo juu ya vichwa vya watu.

Saruji na chuma viliondoa mpaka wa boriti, na Burj Khalifa ukapanda mita 828. Ujenzi ulianza 2004, mnara ukafunguliwa tarehe 4 Januari 2010. Aliyeusanifu ni Adrian Smith na mhandisi wa muundo wake ni Bill Baker, wakati huo wote wakiwa wa kampuni ya SOM ya Marekani. Ukiutazama kutoka juu ni mabawa matatu yanayoegemea kiini kimoja. Bawa moja likisukumwa na upepo, mawili mengine hulikaza.

Upepo ndio adui mkubwa wa jengo refu. Hewa ikipita pembeni mwa mnara huacha visulisuli nyuma yake, mara kushoto mara kulia. Vikija kwa mpigo mmoja unaolingana na mpigo wa jengo lenyewe, jengo linayumba zaidi na zaidi. Dawa ya wasanifu ilikuwa kuuchanganya upepo: mabawa yamepunguzwa ngazi kwa ngazi yakizunguka kadiri yanavyopanda, kwa hiyo kila sehemu ina umbo lake na visulisuli vya ghorofa ya 40 havipatani na vya ghorofa ya 100. Umbo hilo lilitokana na majaribio mengi ya mifano midogo ndani ya handaki la upepo.

Chini, adui ni chumvi. Mnara umesimama juu ya nguzo 192 za zege, kila moja na kipenyo cha mita 1.5, zilizozama zaidi ya mita 40. Mwamba ule ni laini, hivyo nguzo hushikilia kwa msuguano wa ubavu, nayo maji yanayozizunguka yana chumvi kali kuliko ya baharini, ambayo ingekula nondo upesi. Zege lake lilitengenezwa liwe gumu kupenywa, na umeme mdogo hutumika kuzuia kutu. Lile la juu lilisukumwa kwa pampu zaidi ya mita 600, kiangazi likimwagwa usiku na kuchanganywa na barafu, maana zege hutoa joto lake likikaza, na joto hilo likiungana na la Ghuba zege litapasuka.

Hata unyevu ule unaotesa watu umepewa kazi. Viyoyozi vya mnara vikipoza hewa hukamua maji, nayo hukusanywa na kutumika kumwagilia bustani zilizo chini. Wasanifu walikadiria zaidi ya lita milioni 50 kwa mwaka. Maji ya bomba ni jambo jingine. Karibu yote ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kazi kubwa ikifanyika Jebel Ali, na maji mazito ya chumvi yanayobaki hurudi Ghuba, ambayo tayari ina chumvi kuliko bahari kuu. Oga ukilijua hilo.

Swali la mwisho ni upande mnara saa ngapi. Sitaha ya ghorofa ya 124 iko mita 452 juu, na lifti hukufikisha kwa dakika moja hivi. Masikio yataziba kwa sababu kanieneo la hewa limepungua karibu asilimia 5, kwa hiyo meza mate. Kadiri unavyopanda, upeo wa macho unashuka na jua linachelewa kuzama. Mwaka 2011 Mufti Mkuu wa Dubai, Ahmed al-Haddad, aliwaelekeza wakazi wa mnara wanaofunga Ramadhani: kuanzia ghorofa ya 80 hadi 150 wasubiri dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na juu ya 150 wasubiri tatu. Chukua mzingo wa dunia na kimo cha jengo, piga hesabu, utapata dakika hizohizo.

Tiketi za magharibi ni ghali kuliko za saa nyingine, na inafaa uzilipie majira ya baridi hewa inapokuwa safi. Kiangazi vumbi na mvuke huficha upeo wa bahari, na jua hupotea ndani ya utusitusi kabla halijazama. Wakati huo nunua tiketi ya bei nafuu na ufuate saa inayokufaa.