Jino Lisilouma Nalo Lastahili Kuonyeshwa Daktari

Katika miji na mashamba ya Kenya, watu wengi humkumbuka daktari wa meno usiku, wakati jino linapowanyima usingizi. Kwanza hutafuna karafuu, kisha humeza vidonge vya kutuliza maumivu, na mwisho humwendea daktari na neno moja tu: "Ling'oe." Jino likisha kung'olewa, mtu hurudi nyumbani akiamini ya kuwa kazi ya daktari huyo ni kung'oa. Kumbe mara nyingi jino lile lingaliweza kuokolewa, kama lingalionyeshwa mapema.

Sababu ni kwamba jino huoza kimya kimya. Vijidudu vilivyo katika utando laini juu ya meno hula sukari iliyomo katika chakula na chai, navyo hutoa asidi. Asidi hiyo hulidhoofisha gamba la nje la jino, ambalo ni gumu kupita mfupa. Gamba hilo halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo mtu hasikii lo lote. Baadaye tundu huingia katika sehemu ya ndani iliyo laini zaidi, na hapo maji baridi huanza kumchoma. Likifika katika kiini chenye damu na mishipa ya fahamu, maumivu huwa makali. Basi, maumivu si mjumbe wa kwanza, bali mara nyingi ni wa mwisho. Tundu dogo huzibwa kwa siku moja. Lililofika kiini huhitaji matibabu marefu yenye gharama kubwa, au jino kung'olewa.

Fizi nazo huugua vivyo hivyo. Utando usioondolewa hugeuka kuwa ukoga mgumu usiotoka kwa mswaki. Fizi huvimba na kutoka damu, na mfupa unaoshika jino hupungua, hata jino lisilo na tundu likaanza kutikisika.

KABLA YA KWENDA

Mtu anayekwenda kuangaliwa meno na kukaa kimya hurudi na nusu ya faida. Yafaa akumbuke, au aandike katika karatasi, mambo yake yote: jino linaloshtuka kwa baridi, mahali chakula kinaponasa, na fizi zinazotoka damu. Tena ataje maradhi mengine aliyo nayo na dawa zote anazotumia. Wengine hawayataji, wakidhani hayahusiani na meno. Yanahusiana sana. Kisukari kisipotawaliwa huzidisha ugonjwa wa fizi. Dawa za kuzuia damu isigande huweza kufanya jeraha la jino litoke damu kwa muda mrefu. Lakini mgonjwa asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Mama mwenye mimba naye aseme hali yake, kwani wakati huo fizi huvimba upesi.

MBELE YA DAKTARI

Daktari hutazama kila jino, hupima fizi, na huangalia ulimi, mashavu na chini ya ulimi. Kidonda cho chote kinywani kilichokaa zaidi ya majuma mawili bila kupona, au doa jeupe au jekundu lisiloondoka, lazima aonyeshwe, hasa na mtu avutaye au atafunaye tumbaku. Saratani ya kinywa hutibika kwa urahisi zaidi ikigunduliwa mapema.

Daktari akisema jino ni bovu, si utovu wa adabu kumwuliza: Ni jino lipi? Tundu limefika wapi? Pana njia ngapi za kulitibu, na kila moja ni kwa bei gani? Nikingoja, itakuwaje? Majibu hayo humwezesha mtu kupanga fedha zake.

Wako wanaokataa kusafishwa ukoga, wakisema kwamba meno yatalegea. Huko ni kukosea. Ukoga unapoondolewa, uvimbe wa fizi hupungua, na nafasi zilizokuwa zimefichwa huonekana. Kilicholegeza meno ni ugonjwa uliokuwako kwanza.

Katika sehemu kadha za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, wako watu wenye meno ya rangi ya kahawia tangu utoto. Hayo si uchafu wala kuoza, bali ni alama ya floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa meno yalipokuwa yakiumbika. Kuyasugua kwa mchanga ni kuyaharibu. Afadhali daktari aulizwe.

MENO YA WATOTO

Mtoto akifika umri wa miaka 6 hivi, magego ya kwanza ya kudumu huota nyuma ya meno ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni ya utoto, na huyaacha yaoze wakingoja mengine. Mengine hayaji.

KABLA YA KUONDOKA

Mtu asiondoke bila kuuliza siku ya kurudi. Wengi wamezoea miezi 6, lakini si sheria kwa wote. Mwenye kinywa kizima aweza kuambiwa angoje mwaka mmoja au hata miwili. Mwenye ugonjwa wa fizi huenda akatakiwa baada ya miezi 3. Watoto wasipitishe mwaka. Tena aombe kuonyeshwa namna ya kupiga mswaki: mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, akitema povu bila kusukutua kwa maji. Ule mswaki wa mti waliotumia wazee wafaa pia, ukifika upande wa ndani na nyuma ya magego.

Mwisho, ahakikishe kwamba anayemtibu ameandikishwa kwa kazi hiyo. Vyombo visivyotakaswa ipasavyo huweza kuhamisha maradhi ya damu kutoka kwa mtu mmoja hata kwa mwingine.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Naye asiyeziba tundu la jino hawezi hata kujenga ukuta, maana jino la mtu mzima likisha kutoka haliota tena.