Mfuko umekauka, sadaka utoe nini?

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, simu za wasikilizaji wetu huja na swali lile lile: hali mwaka huu ni ngumu, bado nadaiwa zaka ya fitri? Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kama wanaona haya. Tumeona tulieleze hapa, pamoja na njia za kutoa zisizohitaji noti mkononi.

Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, na wengi siku hizi hupima kilo mbili na nusu. Nyumba ya watu sita ni kilo 15. Tuseme mchele ni shilingi 2,500 kwa kilo, hapo ni shilingi 37,500, si haba kwa mvuvi aliyerudi pwani na ndoo tupu. Lakini masheikh wa huku kwetu, wengi wakiwa wa madhehebu ya Shafi, hufundisha mambo mawili ambayo watu husahau. Anayewajibika ni yule mwenye ziada baada ya chakula cha nyumba yake cha usiku na mchana wa Idi. Asiyekuwa nayo hadaiwi. Yeye ndiye wa kupewa. Tena kinachotolewa ni chakula kikuu cha mahali, kwa hiyo panapoliwa ugali, mahindi yanatosha. Muulize imamu wako kabla hujakopa dukani ili utoe zaka.

Ndugu zetu Wakristo wana sikukuu ya mavuno. Mkulima huleta mkungu wa ndizi, jogoo au debe la mahindi, na baada ya ibada mnada hufanyika nje ya kanisa. Jogoo mmoja hununuliwa, akarudishwa, akauzwa tena, hadi fedha ikapita mbali bei ya sokoni. Milimani Usambara upo pia msaragambo: jembe lako na asubuhi yako moja kwenye mtaro au msingi wa zahanati.

Ila kama tungeulizwa tuchague moja, tungesema damu. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo haokolewi na fedha za ndugu ikiwa jokofu la damu ni tupu. Wala haiwezekani kuweka akiba ya mwaka mzima, maana damu hukaa takriban siku 35 tu. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, hivyo shule zikifungwa akiba hushuka. Hapo ndipo watu wazima wa vijijini tunapohitajika.

Anayeweza kuchangia ni mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kula kwanza, kunywa maji ya kutosha. Aliyefunga apange siku ya baada ya Idi. Damu yako hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika. Na damu haiuzwi. Ukidaiwa fedha, nenda kwa uongozi wa hospitali hapo hapo.

Kwa wanaotuma kwa simu, tahadhari kidogo. Kabla ya kutuma, linganisheni makato ya kumi wakituma elfu moja moja na ya mmoja akituma shilingi 10,000 kwa mara moja. Yanapotokea maafa kama yale ya Hanang ya Desemba 2023, matapeli nao hawalali. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Tangazo likisema msikiti au hospitali na jina likawa la mtu usiyemjua, acha. Ujumbe wa kitapeli uripoti kwenda namba 15040.