Chouchou Namegabe na neno lililokosekana hewani

Wengi mnamjua Chouchou Namegabe kwa sauti. Mama huyu wa Bukavu alianza mwaka 1997 kwa Radio Maendeleo. Hakupitia masomo ya uandishi wa habari. Kazi aliijifunza hapo hapo, kwenye mikro.

Vita vikaja, na wamama wakaanza kusimulia yaliyowapata mikononi mwa watu wenye silaha. Shida ikawa lugha. Utayasemaje hewani, wakati mkwe na watoto wamezunguka redio moja? Kwa Kiswahili chetu cha huku hakukuwa neno la kulitaja tendo lile wazi bila kutukana, watu walisema kwa mafumbo tu. Waandishi wakaazima neno kwa Watanzania: ubakaji. Leo hata mtoto wa shule analijua, na si wengi wanaokumbuka kwamba lilikuja kwa njia ya redio.

Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaunda AFEM, shirika la wanawake waandishi wa habari wa Kivu Kusini, ili wamama wasimulie wenyewe. Mwaka 2009 alikaa mbele ya maseneta wa Marekani kule Washington, akawaeleza yale yale Bukavu ilikuwa imeshayasikia kwa sauti yake.